Aliyesema "Nirudi" Hakuwa Zuberi

Kwako Mama Zuberi, Kilole, Korogwe.

Salamu zitangulie, zenyewe hazina mzigo, zitafika kabla ya maneno. U hali gani mke wangu? Goti lako vipi, bado linakutabiria mvua? Kuku wamebaki wangapi baada ya ule ugonjwa? Mimi ni mzima kama chuma cha reli. Juzi nesi alinipima presha akashangaa, akasema wazee wa umri wangu huku Ujerumani wanasukumwa kwenye viti. Nikamwambia mimi nimekata mkonge miaka mingi kabla sijawa nyapara, asinilinganishe na watu wa kukaa. Zuberi naye ni mzima kwa kadiri ya hali yake. Anakula kwa mrija kama unavyojua, lakini ngozi yake safi, hana hata kidonda kimoja cha kulalia. Hilo nalisimamia mwenyewe, manesi wananiogopa.

Barua hii inaletwa na mama mmoja wa Muheza anayekuja kusalimia kwao. Isome mwenyewe, usimpe mtu akusomee. Ngumbaru, shule ya watu wazima, tulisoma pamoja, mimi nikashika nafasi ya kwanza na wewe ya pili, ingawa mwalimu alitangaza kinyume. Kwa simu nimejaribu mara mbili kukueleza haya, lakini wewe ukianza kushangilia ulimi wangu unakwama.

Ni hivi. Lile nililokuambia Ijumaa ile, kwamba Zuberi amesema anataka kurudi nyumbani. Vigelegele vyako nilivisikia mpaka simu ikakoroma. Sasa kama mdogo wangu Saidi ameshaanza kupanua mlango ili kitanda cha magurudumu kipite, mwambie aweke nyundo chini kwanza. Zuberi hakusema vile. Aliyesema ni mwingine. Nitakuambia ni nani, ila twende polepole, maana ukiruka mistari utanitukana kabla ya wakati.

Nilikuambia wamemfunga mashine ya kumsaidia kusema tangu kile kiharusi kilichompata huku kimnyamazishe. Sikukuambia wameifunga wapi. Kaa chini, Mama Zuberi. Iko ndani ya kichwa. Walimtoboa fuvu, wakaweka juu ya ubongo kidude kidogo. Mimi nimekishika cha mfano mkononi: hakizidi punje ya hindi, na kina visindano vyembamba kuliko unywele, vingi, huwezi kuvihesabu hata uvae miwani yangu na yako. Utosini kimetokeza kitu kama soketi. Kila asubuhi wanachomeka waya, waya unakwenda kwenye kompyuta, na kompyuta inasikiliza ubongo unapojaribu kusema.

Nilikataa, ujue hivyo. Nilisema kichwa cha mwanangu si redio. Daktari wao ni mwanamke, Daktari Lena, mdogo kuliko binti yetu Mwanaidi. Akanijibu kwa adabu, "Mzee, tumemuuliza mwenyewe." Nikasema mwulizeni mbele yangu. Wewe unajua mtoto amebaki na macho tu, akiangalia juu ni ndiyo, chini ni hapana. Wakamwuliza, akaangalia juu. Nikasema hajaelewa, rudieni. Akaangalia juu. Nikasema mwulizeni kwa Kiswahili. Yuko hapa nesi wa Kikenya anaitwa Wanjiru, ndiye mkalimani wangu, akamwuliza kwa Kiswahili. Mama Zuberi, aliangalia juu akabaki hukohuko mpaka nikaona weupe mtupu. Nikachukua kofia yangu nikaondoka. Siku tano sikutia mguu hospitalini.

Siku ya kupasuliwa nilirudi. Nilikaa kwenye korido kiume, tangu asubuhi mpaka alasiri, sikutoa hata chozi.

Hapa nimesimama kidogo. Namsomea Zuberi kila ninachoandika, nipo kando ya kitanda chake, na amenikatiza. Ameandika kwenye kioo cha kompyuta: BABA ULILIA. Wanjiru ndiye aliyempelekea umbea huo. Basi nayaacha maneno yake yakae hapo, yasemavyo. Lakini uone mambo ya mashine hii. Mtoto alipokuwa kimya niliweza kusimulia nitakavyo.

Kwanza nilikuwa na shaka moja kubwa, nayo ungekuwa nayo wewe: je, wanasikia kila anachowaza? Mtu ana siri zake. Daktari akasema hapana, wanasikia tu lile analojaribu kulitamka. Mimi siamini kwa kuambiwa. Nikamwinamia Zuberi, nikamwambia kwa Kizigua, "Mtukane huyu daktari kimoyomoyo. Tusi zito." Nikakodoa macho kwenye kioo. Hakikutokea kitu, mistari inayochorwa na ubongo wake imetulia tu, lakini macho ya Zuberi yalikuwa yanacheka yakatoa na machozi. Daktari akauliza, "Umemwambia nini?" Nikasema, nimemwambia akushukuru. Jaribio hilo hakuna msomi wao aliyewahi kulifikiria, nimelileta mimi kutoka Korogwe.

Sikufichi mabaya yake. Wiki ya pili ile soketi ilileta usaha, akapata homa siku tisa. Nililala kwenye kiti, nikawaambia wote kwamba nilishawaonya. Ikapoa. Jingine ni kwamba ubongo hauamki ulivyolala. Jana mashine imemwelewa vizuri, leo asubuhi haimwelewi, inabidi waifundishe upya, kama ile redio yetu ya kule Mpale uliyokuwa ukiizungusha kwa kisu hadi uipate stesheni, ukijikwaa tu imeshapotea.

Na ilikuwa kwenye kufundisha huko ndipo nilipowaonyesha kazi. Wanampa Zuberi maneno, anajaribu kuyatamka, na kwenye kioo mistari inachezacheza kama nyasi kwenye upepo. Wakagundua kwamba kila nikiingia mimi, mistari yote inavurugika. Kila siku. Wakaniomba ningoje nje. Mimi! Kutolewa nje kama mbuzi aliyeingia msikitini!

Wanjiru akanifuata korido. "Mzee, usikasirike. Wanasema ukiingia uko na shida kwa mashine."

"Sema ninaleta shida, binti yangu. 'Uko na shida' ni Kiswahili cha wapi?"

"Cha Nakuru, mzee."

"Basi kiache Nakuru."

Lakini nilipokaa pale nikafikiri. Nikikaa ndani saa nzima mashine haisumbuki sana, inavurugika pale ninapoingia. Mtoto akimwona baba yake anaingia, anafanya nini? Nikarudi ndani bila hodi nikamwuliza daktari, "Hiyo fujo, ni mstari mmoja uleule kila siku?" Akafungua kumbukumbu za siku zilizopita akazipanga. Zinafanana. Tena unajirudia na kujirudia kwa muda mrefu, hawajui kwa nini.

Nikacheka sana. Nikasema, "Huyo ananiamkia."

Ilibidi nimfundishe daktari. Nikamwambia, huku kwenu mtoto anamwona baba anaingia na anaendelea kula. Kwetu shikamoo inatangulia, ndipo mengine. Na shikamoo isiyoitikiwa mtu anairudia, anadhani mzee hajasikia. Mimi tangu Zuberi augue sijamwitikia hata siku moja, kwa sababu sikusikia chochote. Nani anaitikia shikamoo asiyoisikia? Kumbe mwenzangu muda wote huo ananiamkia kichwani na mimi napita kama mtu mwenye kinyongo.

Nikatoka nje. Nikabisha hodi, nikaingia. Mistari ikaruka. Nikasimama mbele yake nikasema, "Marahaba, baba." Ikatulia. Vile nakuambia, ikalala kama mtu amezima kitu. Daktari akasema, tafadhali rudia. Nikatoka, nikaingia, nikaitikia. Mara sita! Sijaamkiwa hivyo tangu niache unyapara. Neno la kwanza kabisa mashine ile kulijua kutoka kwa Zuberi ni hilo, si la Kijerumani wala la Kiingereza, na aliyelitambua ni mimi, mtu wa ngumbaru. Daktari aliandika mpaka akasahau chai yake.

Sasa sikia nilipojikwaa, maana kichwa kilikuwa kimevimba kwa sifa.

Zuberi anaandika herufi mojamoja, anajifanya kama ameshika kalamu na mashine inaona. Ni polepole, kama mtu kupalilia kwa kijiko. Kwa hiyo kompyuta inamsaidia kubahatisha. Akianza neno, yenyewe inalimalizia kwa yale maneno inayoyajua. Kwa Kijerumani inajua mengi, kwa Kiswahili ilikuwa haijui kitu. Wakasema wanahitaji mtu wa kuipa maneno anayoyatumia Zuberi. Nikasema, mimi ndiye Kiswahili chenyewe. Wiki mbili nilikaa natamka, Wanjiru anachapa. Nikatoa nini? Yaliyokuwa moyoni. Nirudi nyumbani. Nataka kurudi Korogwe. Mama ananisubiri. Baridi ya huku imenichosha. Nataka ugali wa mahindi, si huu wa unga wa ngano. Niliyasema hayo kwa namna mia.

Wanjiru akaacha kuchapa. "Mzee, hizi ni sentensi za Zuberi ama ni zako?"

Nikamwambia, "Zuberi za kwake angezitoa wapi kama si kwangu? Chapa."

Ikaja Ijumaa ile. Ujue kwamba hii kazi yao ni ya majaribio, ina kikomo. Kikifika, Zuberi achague. Akibaki karibu nao, wataendelea kuiangalia mashine. Akirudi Korogwe, waya unachomolewa. Kwetu hakuna wa kuifundisha kila asubuhi, hakuna wa kuitibu soketi ikitoa usaha, na kompyuta yenyewe haitoki hapa. Anarudi kwenye macho juu, macho chini. Ndilo swali walilomwuliza, na wakubwa wao walikuwa wamesimama ukutani.

Zuberi akaandika N. Akaandika I. Mashine ikamalizia, na sauti yake ikasomea chumba kizima: nirudi nyumbani.

Nilipiga takbira. Nikarusha kofia. Wale wakubwa wakapiga makofi, nami nikakupigia simu palepale, na mengine unayajua. Mistari kwenye kioo ilikuwa imevurugika vibaya lakini hakuna aliyeitazama. Na macho ya Zuberi yalikuwa chini. Niliyaona, Mama Zuberi. Nilijua chini ni hapana. Nikajiambia anaona haya mbele ya wageni.

Siku tatu baada ya hapo hakuandika herufi. Wakichomeka waya anafumba macho. Mimi naingia, mistari haishtuki hata kidogo. Nikamwitikia hivyohivyo, nikawa naitikia ukuta. Siku ya tatu daktari akaniita chumbani kwake pamoja na Wanjiru, akanionyesha kumbukumbu ya Ijumaa. Zuberi aliandika herufi mbili tu. Zilizobaki ni za mashine. Halafu akajaribu kufuta. Mara saba alijaribu kufuta, nami nikiwa kwenye simu na wewe.

Nikasema, "Mashine yenu imekosea."

Daktari akanitazama. "Mashine haikukosea, mzee. Imesema uliyoifundisha."

Nikamwambia, "Zimeni maneno yangu yote." Nikaenda kwa Zuberi, nikavuta kiti, nikasema, "Zuberi, baba yako amekosea." Unajua nimelisema neno hilo mara ngapi tangu nikuoe. Akafumbua jicho moja, kama anayehakikisha ni mimi.

Wakaacha herufi tupu, bila msaada. Ilichukua asubuhi nzima. Akiandika moja anapumzika, daktari anamfuta jasho. N. I. B. A. K. I. Nikasubiri kama kuna linalofuata, labda "nibakie kidogo", labda "nibaki mpaka Ramadhani". Baada ya adhuhuri akaongeza: HUKU NASEMA.

Maneno hayo matatu nimeyabeba mpaka msikitini kwa Waturuki na kurudi. Kesho yake nikambishia, maana sasa anabishika. Nikamwambia, homa ile umeisahau? Visindano hivi nyama inaota juu yake, mashine inaweza kuziba masikio siku moja ukabaki nayo utosini kama msumari. Na hawa watu wana karatasi yao, wakisema imekwisha imekwisha. Nikamgeukia daktari, nikamwuliza mbele yake, "Kidude hiki kitamsikia mpaka lini? Miaka mingapi?" Nilitaka adanganye ili nimkamate. Akasema, "Hatujui." Basi. Daktari mzima, mbele ya wanafunzi wake, anasema hatujui. Nikamheshimu tangu hapo.

Nikamwambia Zuberi, umesikia? Akaandika: NAJUA BABA. Akapumzika, akaandika tena: LEO NASEMA.

Nimetoka nyumbani nikiwaahidi watu wa Kilole na wa Handeni kwamba nitarudi naye, tena nilisema atashuka akitembea. Nimeshindwa. Nakuandikia wewe kwanza ili usilisikie kwa mwingine. Sikushindwa kwa uvivu, nimeshindwa kwa sababu mtu mwenyewe amesema.

Lakini bado. Jana hakuna aliyemwuliza kitu. Daktari alikuwa anakunja waya, mimi namenya chungwa langu. Kioo kikawaka, akaanza kuandika peke yake. Nikaweka chungwa chini. MAMA AJE. Mara mbili aliandika, MAMA AJE, kama mimi nimekuwa kiziwi. Miezi kumi na minne nipo naye, namgeuza, namnyoa, na aliyemwita ni wewe. Niliona wivu kidogo, kisha nikaona amefanya la maana.

Kwa hiyo wewe ndiye wa kuamua, mimi nimekoma kuwasemea watu. Ndani ya bahasha hii kuna barua ya mwaliko ya hospitali, usiikunje. Mwanaidi akupeleke Tanga ukashughulikie pasipoti, asikubali kuambiwa njoo kesho. Najua hujawahi kuvuka Tanga na unaogopa ndege. Ndege ni kama kukaa sebuleni kwa mtu usiyemfahamu: utulie, ukipewa chai unywe. Ukisema hutaki, nitamwambia hivyohivyo kwa maneno yako, sitaongeza langu. Ila usilaze jambo hili. Hakuna anayejua mashine itamsikia mpaka lini, na leo inasikia.

Nisalimie mdogo wangu Saidi, umwambie mlango alioupanua si hasara, wewe mwenyewe umenenepa. Nisalimie dada yangu mkubwa kule Handeni, mwambie dua zake zinafika, aziongeze za kichwa. Mwanaidi na wajukuu nawapa mkono. Shehe wa msikitini kwetu msalimie, tena mwulize: mtu mwenye soketi utosini, kwenye udhu anapakwaje maji ya kichwa? Imamu wa Waturuki alinieleza kirefu lakini sikuokota neno. Jirani yetu muuza mkaa usimsalimie, alisema sitamaliza mwezi huku.

Ni mimi mumeo, Ramadhani Mhina, nyapara mstaafu, niliyeandika kurasa zote hizi bila kupumzika isipokuwa pale nilipokatizwa.

Nimebakiza nafasi ukingoni. Sauti ya hiyo mashine si ya Zuberi. Ni ya mwanamume fulani, inasoma Kiswahili kama anahesabu mabati. Daktari anasema wakipata sauti ya Zuberi ya zamani, wanaweza kujaribu kuitengeneza mashine iseme kama yeye. Nikakumbuka ile simu yako yenye ufa, iliyojaa zile salamu alizokuwa anakurekodia kabla hajaugua. Nilikuambia uzifute ili simu iwe nyepesi, ukanikatalia, tukanuniana siku mbili. Ulifanya vizuri. Ukija, usiiweke kwenye begi. Ifunge kwenye upindo wa kanga, uje nayo mwilini.